Fumbo Ndani ya Selo: Uhakiki wa Tamasha la Vijana Watatu, London, 2016

Utangulizi

Tarehe 15 Mei 2016, katika ukumbi wa Barbican mjini London, vijana watatu walijitokeza kwa zamu mbele ya Okestra ya Simfoni ya BBC, iliyoongozwa na Mark Wigglesworth. Ilikuwa fainali ya BBC Young Musician, shindano lililoanza mwaka 1978. Jess Gillam alipiga saksafoni, naye alikuwa wa kwanza kufika fainali kwa ala hiyo. Ben Goldscheider alipiga baragumu la okestra, na Sheku Kanneh-Mason, mwenye umri wa miaka 17, alipiga selo. Ushindi ulimwendea Kanneh-Mason, mwanamuziki Mweusi wa kwanza kuupata tangu shindano lianzishwe. Habari hiyo ilienea upesi, na ilistahili kuenea. Hata hivyo iliziba swali ambalo mhakiki hana budi kuliuliza: tungo zenyewe zilimpa kila kijana nafasi gani ya kusikika?

Tungo mbili za kwanza

Tungo zote tatu ni za karne ya ishirini, lakini hazifanani. Gillam alichagua Where the Bee Dances ya Michael Nyman (1991). Jina lake linarejea wimbo wa Ariel katika tamthilia ya Shakespeare ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la Tufani, tafsiri ya S. S. Mushi (1969). Nyman hujenga muziki wake kwa kurudia vipande vifupi, kama mfumaji arudiavyo ushi ule ule hadi mkeka ukamilike. Saksafoni huelea juu ya marudio hayo, na mara nyingine humezwa nayo. Utungo huu unadai pumzi ndefu na mng'aro wa sauti, na Gillam alivitoa vyote viwili. Lakini haumwachi mpigaji peke yake kwa muda wa kutosha.

Goldscheider alipiga koncheto ya pili ya Richard Strauss, iliyotungwa mwaka 1942, mtunzi akiwa mzee, vita vikiendelea. Babake Strauss alikuwa mpigaji mashuhuri wa baragumu, na mwana anaonekana kurudi nyumbani kwa baba, mbali na moshi wa wakati wake. Uzuri wa utungo huo hauna shaka. Ugumu wake umefichika: midomo ikiteleza kidogo tu, ukumbi mzima unajua, isipoteleza, msikilizaji hudhani kazi ilikuwa rahisi.

Fumbo la Shostakovich

Koncheto ya kwanza ya selo ya Dmitri Shostakovich iliandikwa mwaka 1959 kwa ajili ya Mstislav Rostropovich. Inaanza kwa noti nne ambazo hazimwachi msikilizaji hadi mwisho. Tarumbeta hazimo, baragumu ni moja tu, nalo hujibizana na selo kama mwitikiaji na mwimbishaji. Sehemu ya tatu nzima ni ya selo pekee: okestra inanyamaza, na mpigaji anatoka katika upole hadi ghadhabu bila wa kumsaidia. Kisha, katika sehemu ya mwisho, vipande vya Suliko, wimbo wa Kijojia aliopendwa nao Stalin, vinapita vikiwa vimepindwa kiasi cha kutotambulika kwa urahisi. Stalin alikuwa amekufa mwaka 1953, lakini woga haukuzikwa naye. Msomaji aliyezoea ushairi wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa mbinu hii: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua.

Hapo ndipo Kanneh-Mason alipojipambanua. Hakuukimbiza upweke wa sehemu ya tatu ili kuonyesha wepesi wa vidole. Aliuacha ukimya kati ya noti utimize kazi yake, hata ghadhabu ilipokuja ikawa na sababu.

Hukumu

Je, aliyeshinda ni mpigaji au ni utungo? Pingamizi hilo lina uzito, kwa kuwa Shostakovich alimpa selo jukwaa ambalo Nyman hakuikusudia saksafoni. Lakini kuchagua utungo ni sehemu ya sanaa, na jukwaa tupu humuumbua asiye na la kusema. Kijana huyu alikuwa nalo. Mwaka 2018 utungo huo huo ulitolewa katika albamu yake ya kwanza, Inspiration.

Hitimisho

Kipaji hakikutosha peke yake. Kanneh-Mason, mzaliwa wa Nottingham, alisoma muziki kila Jumamosi katika idara ya vijana ya Royal Academy of Music, London. Mjini Kinshasa, Okestra ya Simfoni ya Kimbanguiste ilipoanzishwa mwaka 1994, wanafunzi walipokezana fidla chache zilizokuwapo. Kati ya hali hizo mbili tofauti si masikio wala mioyo. Ni ala, walimu na muda. Tamasha la Barbican lilionyesha kinachochipuka vitu hivyo vinapopatikana. Vinapokosekana, fumbo hubaki ndani ya selo ambayo hakuna aliyeishika.