Kukagua Gari-Nyumba Kabla ya Kwenda nalo Lodwar

Mwanajeshi anayestaafu hakosi watu wa kumshauri kiinua mgongo akitumie vipi: nunua ploti, fuga ng'ombe wa maziwa, ingiza matatu barabarani. Wachache huziba masikio wakatafuta gari-nyumba, yaani lori dogo au Land Cruiser iliyotiwa kitanda, jiko na tangi la maji, ili wazunguke nchi ambayo kazini waliiona kupitia upenyo wa turubai. Haya ni yao, hasa wenye nia ya kutoka Kitale, kuteremka Marich na kuendelea hadi Lodwar na Kakuma.

Muuzaji atakimbilia kukufungulia mlango uone mbao zinazong'aa na vitaa vya rangi. Mwache na mlango wake. Tandika gunia, ingia uvunguni.

Huko chini ndiko fundi anakojulikana. Chesi ya lori imeundwa ijipinde kidogo gurudumu moja linapotumbukia kwenye laga, yaani mto mkavu, lakini sanduku la nyumba lililokaa juu yake halijipindi. Fundi anayeijua kazi hulifunga sanduku kwa bolti, akaacha upande mmoja umekalia springi au raba nene ili chesi ijipinde peke yake. Fundi mvivu hulichomelea moja kwa moja kwenye chesi. Linapendeza na halipigi kelele, mpaka safari ya kwanza ya maana: moto wa kuchomelea umeshadhoofisha chuma pale kando ya mshono, na ufa utaanzia hapo. Pitisha tochi taratibu kandokando ya kila mshono. Kijistari chembamba cha kutu kinachochungulia chini ya rangi mpya kinatosha kukuondoa uvunguni ukaage.

Mshono mzuri una mawimbi madogo yanayolingana na umeng'ata vyuma vyote viwili. Mbaya umekaa juujuu kama nta iliyodondoka, una vitundu. Ukikuta kila mshono umesagwa ukawa laini na kupakwa rangi, shuku. Beba sumaku: penye puti nene haishiki.

Huko unakokwenda, Waturkana wamekuwa wakihamisha makazi kwa punda tangu zamani, na mizigo yao hufungwa kwa kamba. Inayumba, haivunjiki. Mzee wa Kiturkana hutembea na ekicholong yake mkononi, kigoda cha kukalia mchana na mto wa kulalia usiku. Kwa kipimo hicho, cha kitu kimoja kufanya kazi mbili, magari-nyumba mengi ya bei kubwa yanafeli. Benchi lisilogeuka kitanda wala kuwa stoo linakula nafasi bure, na kabati la vioo ni la sebuleni, likae huko.

Lodwar kuna joto linalopita nyuzi 35 siku nyingi za mwaka, kwa hiyo paa likaguliwe zaidi kuliko kiti cha dereva. Gonga ndani: likilia kama debe, hakuna kitu katikati ya bati na dari, na utaiva. Paneli za sola zisigandishwe kwenye bati. Ziachiwe nafasi upepo upite chini, maana paneli ikipata moto kuzidi nyuzi 25 hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi inayoongezeka. Betri nazo zisikae jirani na injini.

Vumbi ni adui mjanja zaidi. Gari likikimbia, hewa ya nyuma huvuta vumbi liingie kwa mlango wa nyuma, hata ukiwa umefungwa. Fungia kipande cha karatasi mlangoni, kisha ukivute. Kikitoka bila kusita, raba haikazi. Rudia pembe zote nne, kwa sababu mafundi wengi huharibu pembeni. Aliyefikiri zaidi huweka tundu la hewa mbele, juu ya paa, ili hewa ijae ndani na kulisukuma vumbi nje.

Maji na gesi havina maneno mengi. Lita 200 ni kilo 200, hivyo tangi likae chini, kati ya ekseli mbili, na liwe na vizuizi ndani. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo kabati la mtungi liwe na tundu sakafuni linalotoka nje. Tundu la juu tu ni mapambo.

Halafu jiulize: hiki kikivunjika, nani atakitengeneza? Kakuma si kijiji cha kudharau. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa 1992, na utafiti uliotolewa 2018 na IFC, tawi la Benki ya Dunia, ulihesabu zaidi ya biashara 2,000 ndani yake. Wachomeleaji wapo na vipuri vya Toyota havitafutwi kwa tochi. Kadi ya umeme ya friji ya Ulaya ndiyo hutaipata. Mimi ningechukua bawaba nene ya jua kali kuliko kitasa cha kielektroniki, na tairi mbili za akiba kuliko televisheni, maana miiba ya mti wa mathenge hupenya mpira kama sindano. Na kuharibikiwa kati ya Kainuk na Lokichar, ambako magari yamewahi kushambuliwa, si jambo la kujivunia hata kwa afande.

Logbuku isome gari lilivyo sasa, si lilivyokuwa kabla ya kugeuzwa. NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, hawana mzaha na hilo.

Mwisho, kabla ya kulipa salio, jaza tangi la maji, chora kwa rangi nyeupe mstari mmoja unaopita juu ya nati na bolti yake kwenye kila kifungo cha chini, kisha liendeshe kutwa nzima kwenye barabara ya mawe. Rudi uvunguni. Mstari ukiwa umekatika kwenye nati moja, fundi aikaze. Ukikatika kwenye nyingi, mwachie gari lake na udai amana yako.