Lugha Bila Dola: Kumsoma Ostler Tukiwa Busia na Tororo

Kitabu cha Nicholas Ostler kiitwacho Empires of the Word, kilichotolewa mwaka 2005, kinasimulia historia ya dunia kwa kufuata nyayo za lugha badala ya nyayo za wafalme. Ni kitabu kinene, na mwalimu atakayekipata hatajuta kukisoma. Si nia ya tahakiki hii kukifupisha. Twataka kuuliza kama hoja yake inasimama ikipimwa mahali padogo: Busia na Tororo, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda.

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba lugha hufuata upanga. Dola ikishinda, lugha yake hushinda, na dola ikianguka, lugha huzikwa nayo. Ostler anakataa. Makabila ya Kijerumani yaliyorithi Roma ya magharibi baada ya mwaka 476 hayakuwafundisha watu wa Gaul na Hispania lugha zao. Washindi ndio waliojifunza Kilatini. Kiaramu kilikuwa lugha ya watu walioshindwa na Waashuru, kikageuka kuwa lugha ya ofisi za Waashuru wenyewe, kisha za Waajemi, na dola ya Uajemi ilipoangushwa mwaka 330 K.K. Kiaramu kiliendelea kusemwa. Waholanzi nao walikaa katika visiwa vya Indonesia zaidi ya karne tatu. Walipoondoka, lugha ya taifa ilikuwa ni namna ya Kimalei, lugha ya wachuuzi wa bandarini ambayo Waholanzi walikuwa wakiitumia kutawalia.

Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kwamba habari hiyo ya Kimalei ni habari yake. Hata hivyo Kiswahili hakikupewa sura yake humo.

Tuje mpakani. Hadi mwaka 1902 nchi iliyo mashariki ya hapo, mpaka Naivasha, ilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mwaka huo ikahamishiwa upande ambao leo ni Kenya, na Wasamia na Wateso wakawa na ndugu pande mbili za mstari. Muda mfupi kabla ya hapo Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, alikuwa ameingia Bukedi na askari wake, kwa ridhaa ya Waingereza. Mawakala wa Kiganda wakawekwa juu ya wenyeji. Amri zikatolewa kwa Kiganda, na Biblia ya Kiganda, iliyokamilika mwaka 1896, ikasomwa makanisani mbele ya watu wasio Waganda. Kwa kanuni ya upanga, Bukedi yote ingekuwa Buganda leo. Haikuwa. Wapadhola wa Tororo, ambao hawakuwahi kuwa na mfalme wala dola, wamezungukwa na Wanyole na Wateso, na bado wanasema lugha yao ya jamii ya Kiluo.

Wala Kiganda hakikufa. Ufalme wa Buganda ulifutwa kwa katiba ya mwaka 1967, haukurudishwa hadi 1993. Katikati ya miaka hiyo ulichapishwa uchunguzi wa Ladefoged, Glick na Criper juu ya lugha za Uganda, ambao ulikuta asilimia 39 ya watu waweza kuzungumza Kiganda, 35 Kiswahili, na 21 Kiingereza. Lugha ya ufalme uliofutwa ilikuwa ya kwanza nchini! Mpaka hapo Ostler yuko sawa.

Lakini uchunguzi huo una tarakimu nyingine inayotuhusu zaidi. Kati ya wanaume, asilimia 52 walijua Kiswahili. Kati ya wanawake, 18 tu. Sababu haifichiki. Kiswahili kiliingia Uganda kwa kambi za King's African Rifles, kwa polisi, na kwa reli iliyotoka Nakuru kupitia Eldoret na Tororo hadi kufika Kampala mwaka 1931. Hizo zote zilikuwa kazi za wanaume. Gavana Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kwamba kitumike rasmi katika sehemu kubwa ya nchi, Kabaka Daudi Chwa alimpinga waziwazi. Mwaka 1952 kikaondolewa katika lugha zilizotambuliwa shuleni. Mwaka 1973 Idi Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa, naye akaangushwa mwaka 1979.

Hapa tunapaswa kujihakiki sisi wenyewe kabla ya kumhakiki Ostler. Tumezoea kuwaambia wanafunzi kwamba Kiswahili ni lugha ya udugu isiyo na damu mikononi. Maneno hayo hayamwingii mzee wa Uganda aliyeamriwa kwa Kiswahili kulala chini kwenye kizuizi cha barabarani. Kama kuna lugha iliyokuwa na kila sababu ya kuanguka pamoja na mtawala wake, ni hiyo. Ilinusurika kwa sababu ilipata wenyewe wapya. Katika soko la Busia, biashara ndogo ya kuvuka mpaka imo zaidi mikononi mwa wanawake, wenye samaki, nafaka na mitumba, na bei hutajwa kwa Kiswahili, kwa Kisamia na kwa Kiganda, pengine katika sentensi moja. Kiswahili hicho husema "kitu yangu" na "watoto yake". Mwalimu hukereka, nasi pia hukereka. Lakini hakuna dola iliyokituma.

Sasa dola inakuja tena. Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima. Tunafurahi, maana kazi yetu imetambuliwa. Ila mwalimu wa Tororo atakayemwadhibu mtoto kwa kusema Kipadhola uani, kwa jina la Kiswahili, atakuwa amejivika kanzu ya wakala wa Kakungulu, na Ostler anatuonyesha jinsi kanzu hiyo isivyodumu.

Kasoro kubwa ya kitabu ni kwamba kinategemea maandishi, na maandishi huachwa na makarani. Wachuuzi wa Kimalei waliingia humo kwa sababu karani Mholanzi aliwaandika. Wachuuzi wa Busia bado hawana karani. Mwalimu wa upande wowote wa mpaka ambaye ataketi na daftari siku ya soko, aandike nani anamwambia nani nini, kwa lugha gani, na ni wakati gani anaibadili, atakuwa na sura ambayo Ostler hakuweza kuiandika.