Mfadhili Haandikwi, Huchaguliwa

Katika onyesho moja ukumbini, msimamizi wa mifumo wa shirika moja la Dar es Salaam alieleza alivyoiandaa programu ya Redmine kwa taimshiti za wafanyakazi. Aina za shughuli alizipanga vizuri, na uga wa kazi inayolipiwa aliuweka wa ndiyo au hapana. Hapo sina neno. Neno langu ni juu ya uga wa Mfadhili.

Alifungua uga mpya wa rekodi za muda, akafika kwenye muundo. Mbele yake ilikuwepo orodha, orodha ya ufunguo na thamani, namba, tarehe, vyote. Akachagua maandishi. Maandishi matupu, bila hata kanuni ya kubana herufi zinazokubalika! Kisha akatia alama ya lazima, akatabasamu, na ukumbi ukamuunga mkono kwa kutikisa vichwa.

Msiniambie ni suala la ladha. Ripoti ya muda ya Redmine hujumlisha saa kwa vigezo, na uga wa orodha au wa ndiyo na hapana huingia humo. Uga wa maandishi hauingii. Ndiyo maana alipotaka saa za kila mfadhili, Mfadhili hakuonekana kwenye menyu, naye akakimbilia Excel. Excel nayo haikumwokoa: mmoja kaandika EU, mwingine E.U., wa tatu Umoja wa Ulaya, na dereva, ambaye ana kazi za maana zaidi, kaweka nukta. Mfumo ukaipokea, kwa kuwa alama ya lazima huuliza tu kama kuna kitu kimeandikwa.

Alama hii ya lazima ni ugomvi wangu wa zamani na washauri wa semina za siku moja, wanaoibandika kila mahali wakidhani inaleta ukweli. Inaleta nukta.

Na kosa lenyewe halirekebishiki kwa mbofyo. Uga ukishahifadhiwa, Redmine haikubali ubadilishe muundo wake. Shirika linalopokea ruzuku ya serikali ya Marekani litaulizwa zaidi, maana kanuni ya 2 CFR 200.430 inataka kumbukumbu za mishahara ziakisi kazi iliyofanyika kweli. Makadirio ya bajeti peke yake hayatoshi. Mkaguzi atapewa nukta?

Willard Bundy, sonara wa Auburn, New York, alilimaliza jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1880. Saa yake ya kazini haikumtaka mfanyakazi aandike jina. Kila mtu alikuwa na ufunguo wenye namba yake. Akiuzungusha, mashine inachapa namba na saa. Hakuna tahajia, hakuna mwandiko, hakuna ubishi wa nani ni nani. Kampuni yake iliingia katika ukoo uliozaa IBM, nasi leo tunarudi kuandika kwa mkono, tofauti ni kibodi tu.

Ufunguo wa Bundy umo ndani ya Redmine tangu toleo la 3.2 la mwaka 2015: ndiyo ile orodha ya ufunguo na thamani. Orodha ya kawaida huhifadhi maneno yenyewe, hivyo ukibadili jina la mfadhili, rekodi za nyuma zinabaki na jina la zamani. Hii ya ufunguo huhifadhi namba, na jina jipya linaonekana kote. Ila msitie tiki ya thamani nyingi kwa kumridhisha anayegawa saa moja kwa wafadhili wawili: uga utatoka tena kwenye vigezo vya ripoti. Aandike rekodi mbili.

Kwa msimamizi yule: fungua uga mpya wa ufunguo na thamani, uhamishie rekodi zote, uga wa zamani uuondolee alama ya lazima. Usiufute kabla ya kuhamisha, kwani ukiufuta unakwenda na data yake.