Makumbusho ya Akropoli katika Athene

Asomaye sura ya 17 ya Matendo ya Mitume hukutana na Athene kama mji ambao sanamu zake zilimchukiza Mtume. Sisi neno hili sanamu tulilipata kwa Waarabu, na asili yake kwao ni kitu kiabudiwacho badala ya Mungu. Wayunani waliiita agalma, maana yake kitu cha kufurahisha. Tofauti hiyo hudhihirika katika Makumbusho ya Akropoli, yaliyofunguliwa mwaka 2009 chini ya kilima chenyewe, mbele ya wale wanawali wa marumaru waliofukiwa baada ya Waajemi kuuteketeza mji mwaka 480 kabla ya Kristo, wakafukuliwa katika miaka ya 1880. Mavazi yao yangali na mabaki ya rangi, nao watabasamu.

Ghorofa ya juu ndiyo bora kupita zote. Bernard Tschumi, aliyelichora jumba, ameielekeza sawasawa na Parthenoni, ionekanayo kwa vioo, na ule ukanda wa nakshi wa mita 160 umezungushwa kwa taratibu yake ya kwanza. Mawe ya asili yana rangi ya asali. Palipo na pengo la yale yaliyoondolewa na watu wa Lord Elgin, kisha yakanunuliwa na Serikali ya Uingereza mwaka 1816, pamewekwa nakala nyeupe za plasta. Weupe ule watosha kuwa mashtaka.

Walakini jumba linenalo waziwazi juu ya madhara ya wageni liliona haya kunena juu ya wenyeji. Parthenoni ilipata kuwa kanisa, na Wakristo waliyapasua kwa nyundo mabamba mengi ya kuchongwa. Katika mwaka ule ule wa 2009, sinema ya Costa-Gavras iliyoonyesha tendo hilo ilikatwa kipande, kwa kuwa Kanisa lilinung'unika. Watu wakateta, kipande kikarudishwa muda si mrefu. Twaona kilirudishwa kwa haki, na ya kwamba malalamiko yale hayakulifaa Kanisa neno.

Kwani limo bamba moja la upande wa kaskazini lililoachwa: wanawake wawili, mmoja ameketi, mwingine amesimama mbele yake. Wako wataalamu wadhanio kwamba wavunjaji walidhani ni malaika akimpasha habari Mariamu, wakaishusha nyundo. Mwalimu afikaye huko na asimame hapo kwanza, kabla ya kuutazama ukanda.