Senti Sabini na Tano

Agosti 1986, katika maabara ya Lawrence Berkeley kule California, hesabu za kompyuta zilikataa kulingana. Enzi hizo kompyuta kubwa ilitumika kama mashine ya kusaga ya kijiji: kila idara ilileta mzigo wake na kulipia muda iliotumia. Daftari la malipo likaonyesha upungufu wa senti 75 za dola. Kazi ya kuzitafuta akapewa mgeni wa idara, Clifford Stoll, mwanaastronomia ambaye fedha za utafiti wake zilikuwa zimekwisha, akahamishiwa kitengo cha kompyuta ili asikose riziki.

Mwingine angezitoa senti hizo mfukoni mwake, daftari likafungwa, watu wakaenda kula. Stoll alizifuata.

Zikampeleka kwa mtumiaji asiye na anwani ya kutumiwa bili, na huyo akamwelekeza kwa mvamizi aliyeingia kwa njia ya simu, akajipa madaraka ya msimamizi wa mfumo, kisha akaifanya maabara kuwa kibaraza cha kubishia hodi kwenye kompyuta za jeshi la Marekani. Wikendi moja Stoll alizunguka ofisi za wenzake akiazima printa na vioo vya kompyuta, mara nyingine bila wenyewe kujua, akaviunga na laini zote za simu zilizoingia maabara, akalala sakafuni katikati yake. Kila herufi aliyobonyeza mvamizi ilichapwa kwenye karatasi. Alipima pia muda ambao jibu lilichukua kwenda na kurudi, kama mtu anayepima mwangwi bondeni, akakisia kwamba mwenziwe yuko mbali kwa maelfu ya maili. Mwishowe, kwa wazo la mpenzi wake, alitunga mafaili ya mradi wa kijeshi usiokuwepo ili mvamizi anogewe na kukaa kwenye laini, mafundi wa simu wapate muda wa kuifuata. Laini iliishia Hannover, Ujerumani Magharibi, kwa kijana aitwaye Markus Hess. Yeye na wenzake walikuwa wakiiuzia KGB, majasusi wa Kisovieti, walichokipata.

Anayesomea shahada ya uzamili ya usalama wa mtandao hukutana na kisa hiki mapema, na wengi hukipita kama hadithi ya kuchangamsha darasa. Wangekitazama vizuri wangeona karibu mtaala mzima umekaa humo: kumbukumbu za mfumo, madaraka yaliyoporwa, mtego, sheria za nchi mbili zisizoongea lugha moja. Zaidi ya hayo wangeona tabia ya fundi. Mdharau mwiba, wahenga walisema, mguu huota tende. Na ufundi huu, ukiuondolea majina yake makubwa, ni uwezo wa kukereka na kitu kidogo ambacho wengine wote wamekizoea.

Je, kukereka kunafundishika? Chuo cha Royal Holloway, kilichopo Egham nje kidogo ya London, kilijaribu mapema kuliko karibu wengine wote kilipoanzisha shahada ya uzamili ya usalama wa taarifa mwaka 1992. Kabla ya hapo maarifa haya yalikaa zaidi jeshini, kwa majasusi, na kwa vijana waliokesha vyumbani mwao wakijaribu kila kitasa. Leo programu za namna hii zimeenea duniani, na masomo yake yanafanana kwa kiasi kikubwa: usimbaji fiche, mitandao, mifumo endeshi, uchunguzi wa ushahidi wa kidijitali, sheria, na usimamizi wa hatari, somo ambalo wanafunzi hulidharau hadi siku watakapoajiriwa.

Usimbaji fiche ndio huwatoa jasho kwanza. Hapo hujifunza kanuni ya Auguste Kerckhoffs, iliyoandikwa Ufaransa mwaka 1883: mfumo uwe salama hata kama adui anaujua wote isipokuwa ufunguo. Kufuli za Kariakoo zinatii kanuni hiyo. Kila mtu anajua zinavyofanya kazi, na zimepangwa mezani kwa mamia, zote za aina moja. Kinachomtofautisha mwenye duka na jirani yake ni kipande cha chuma mfukoni. Ila kuielewa kanuni ni jambo moja, na kuitekeleza kwa hesabu za namba tasa usiku wa kuamkia mtihani ni jambo lingine.

Kisha kuna maabara. Mwanafunzi hujenga ndani ya kompyuta yake moja kompyuta tatu au nne za kuigiza, akazifungia zisiguse intaneti, kisha akazishambulia mwenyewe. Zana zake nyingi huja pamoja katika mfumo uitwao Kali Linux, jina ambalo kwa sikio la Mswahili halihitaji maelezo. Saa chache za mwanzo zina raha ya kitoto: mlango umefunguka! Baadaye huja kazi ambayo hakuna filamu iliyowahi kuionyesha. Anakaa na Wireshark, programu inayoonyesha kila pakiti ya data inayopita kwenye mtandao, na maelfu ya mistari inapanda kiooni. Yote ni ya kawaida. Anaisoma tena. Mwalimu ameficha humo pakiti tatu za wizi, na hatasema ziko wapi. Mchele huchambuliwa hivyo hivyo: jicho halitafuti jiwe, linapita juu ya punje mpaka moja ilikatae.

Sharti la kuzifungia kompyuta hizo lina historia yake. Usiku wa tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa masomo ya juu katika Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia kwenye intaneti programu yenye kujinakili yenyewe. Kosa la usanifu likaifanya ijinakili mara nyingi kuliko alivyotarajia, na kompyuta zinazokadiriwa kuwa 6,000 zikaelemewa. Baba yake, kwa kejeli ya majaliwa, alikuwa mtaalamu wa usalama wa kompyuta serikalini. Mahakama ilimpa kijana miaka 3 ya uangalizi, saa 400 za kutumikia jamii na faini ya dola 10,050. Baadaye akawa profesa MIT. Miongoni mwa matunda ya balaa hilo ni kituo cha kwanza cha kuratibu dharura za kompyuta, CERT, kilichoundwa mwezi huohuo katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Na ni chuo hicho ambacho leo kina kampasi Kigali, ambako wanafunzi kutoka pande mbalimbali za Afrika husomea shahada za uzamili za teknolojia ya habari.

Kwa wanafunzi waliokulia penye mgao wa umeme, kuna kisa kimoja chenye utamu wake. Tarehe 27 Juni 2017 programu haribifu ya NotPetya iliikumba Maersk, kampuni ya meli ya Denmark. Iliifuta karibu kila nakala ya seva zinazotunza orodha ya nani ni nani ndani ya mtandao wa kampuni na nani anaruhusiwa kuingia wapi. Bila orodha hiyo hakuna cha kufufua. Wataalamu walihangaika kupiga simu dunia nzima mpaka wakapata nakala moja nzima: ofisi ya Ghana umeme ulikuwa umekatika, seva ikazimika kabla ya balaa kufika. Diski yake ilihitajika Uingereza, kulikofanyika kazi ya ufufuaji, lakini wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya huko, hivyo ikapelekwa hadi uwanja wa ndege nchini Nigeria, ikakabidhiwa mwenzao, naye akaruka nayo hadi London. Kampuni ilifunga upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku kumi. Vitabu vya kozi husisitiza nakala ya akiba iliyo mbali na mtandao. Maersk iliipata kwa hisani ya umeme kukatika.

Senti 75 nazo zina ndugu yao wa karne hii. Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alikuwa akipima kasi ya kanzidata, kazi isiyohusiana na usalama. Aliona kwamba kuingia kwenye kompyuta kwa njia ya SSH kunachelewa takriban nusu sekunde. Nusu sekunde! Akafukua mpaka akafika kwenye xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayokaa ndani ya mifumo mingi ya Linux. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ameichangia kwa uaminifu zaidi ya miaka miwili, njiani akakabidhiwa usimamizi wake, kisha akapachika humo mlango wa siri. Kikulacho ki nguoni mwako. Freund alitangaza ugunduzi wake tarehe 29 Machi, kabla toleo hilo halijasambaa kwenye seva nyingi za dunia.

Mlango unaopitiwa na wavamizi wengi zaidi, hata hivyo, haumo kwenye kompyuta. Watumiaji wa simu Tanzania wanaujua ujumbe unaoanza na *ile hela tuma kwenye namba hii*. Aliyeutunga hakuandika hata mstari wa programu; amekopa kiashiria cha Kiswahili. Neno *ile* hurejelea kitu ambacho wazungumzaji wote wawili wanakijua. Mtumaji hajui chochote, anarusha kwa namba nyingi kadiri awezavyo, lakini miongoni mwa wapokeaji yumo ambaye asubuhi hiyo ameahidi kumlipa fundi, au mwenye nyumba, au kumtumia hela mtoto aliye bwenini. Huyo humalizia mwenyewe kisa alichoanzishiwa.

Mwanafunzi akirudi nyumbani likizo, tasnifu yake ikiwa nusu, hukabidhiwa simu za ukoo mzima: moja imejaa, nyingine mwenyewe kasahau nywila ya Facebook, ya tatu imeingia maji na haihusiani kabisa na fani yake. Shangazi naye huleta ya kwake. Ujumbe uliingia juzi, hakutuma kitu. Kijana anavuta kiti, anaanza kueleza uhandisi wa kijamii, imani, na mamlaka ya bandia. Shangazi anamkatiza.

“Mimi mwanangu nilijiuliza tu: ile ipi?”