Sifa za Kahawa Iliyopoa

Mnywaji wa kahawa hana subira na kikombe kilichopoa. Atakipasha, atakimwaga, au ataongeza ya moto juu yake. Kwenye baraza za mwambao, kuanzia Lamu hadi Unguja, muuza kahawa hutembea na dele lake juu ya makaa kwa sababu anawajua wateja wake: kahawa chungu hunywewa ikiwa bado inaunguza ulimi, kwa vikombe vidogo vinavyokwisha kabla havijapata nafasi ya kupoa. Sina ugomvi na desturi hiyo, nimekulia ndani yake. Lakini yupo fundi mmoja ambaye kazi yake hunoga pale sisi tunapoachia. Huchukua kijiko chake akarudi kwenye kikombe kilekile mara ya pili, ya tatu, ya nne, hadi kipoe kabisa, na hapo ndipo anapoamua. Fundi huyo ni mwonjaji wa kahawa. Nataka kumsifu, kwa kuwa wengi wetu tunakunywa matunda ya ulimi wake bila kujua kwamba yupo.

Mezani kwake hakuna maziwa, hakuna sukari, hakuna tangawizi. Kuna safu za vikombe, vitano kwa kila sampuli, na kila sampuli ina namba badala ya jina. Kahawa imekaangwa ndani ya saa 24 zilizopita, tena imekaangwa kidogo kuliko ya dukani, kwa sababu moto mwingi huteketeza sifa na kasoro kwa pamoja. Husagwa palepale, kila kikombe peke yake. Utaratibu uliozoeleka katika biashara ya kahawa bora ni gramu 8.25 kwa mililita 150 za maji, na maji yawe na joto la karibu nyuzi 93. Kichujio hakitumiki. Maji humiminwa moja kwa moja juu ya unga, unga huelea na kufanya utando mzito, na kwa dakika tatu hadi tano hakuna anayegusa kitu. Kisha mwonjaji huinama mpaka pua inakaribia kugusa kikombe, akaupasua utando kwa mgongo wa kijiko, akiusukuma taratibu mara tatu. Harufu iliyokuwa imefungiwa chini humpanda usoni kwa mkupuo mmoja. Ana sekunde chache za kuikamata, maana haitatoka tena kwa namna ile.

Anayeingia chumba cha kuonjea kwa mara ya kwanza hushtuliwa na sauti. Mwonjaji huvuta kahawa kutoka kijikoni pamoja na hewa, kwa nguvu, kwa mluzi mkali unaosikika hadi nje ya mlango, mpaka kahawa inageuka matone madogo yanayotapakaa kinywani mote. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba kunywa hivyo ni utovu wa adabu, lakini hapa kuna sababu ya kimaumbile. Ulimi peke yake hutambua mambo machache: utamu, uchungu, uchachu, chumvi, na ule ukolezo tunaoupata kwenye supu ya nyama. Mengine yote tunayoyaita ladha, yaani maua, limau, chokoleti, asali, hupitia nyuma ya kinywa yakapanda puani, na bila hewa hayapandi. Akishavuta, hutulia kidogo, kisha hutema. Kutwa nzima kahawa hupita kinywani mwake, na ni kidogo sana anayoimeza.

Huanza kuonja kahawa ikiwa karibu nyuzi 71. Hapo hupata ladha yake ya jumla na kile kinachobaki kinywani baada ya kutema. Joto likishuka kuelekea 60 hupima uchachu, uzito, na namna vinavyochukuana. Utamu, usafi wa kikombe, na usawa wa vikombe vyote vitano, hayo huyasubiri mpaka kahawa iwe chini ya nyuzi 37, yaani iwe baridi kuliko mwili wake mwenyewe. Ikifika 21 huweka kijiko chini na kufunga hesabu. Tazama mpangilio huo. Mambo matatu ambayo mkulima angependa zaidi kuyasikia kuhusu kazi yake, kwamba kahawa yake ni tamu, ni safi, na haigeukigeuki, hupimwa wakati kikombe kimefikia hali ambayo mimi na wewe tungekimwaga.

Joto huficha mengi. Kahawa ya moto hupeleka mvuke puani na mchomo ulimini, na katikati ya hayo mawili kasoro hupenya bila kuonekana. Chukua kahawa ya Nyeri au Kirinyaga iliyooshwa vizuri, ya aina ya SL28. Ikiwa moto ni kali, inachokoza pembe za ulimi, na asiyeizoea anaweza kusema imechacha. Iache. Baada ya robo saa ukali uleule umekuwa wa matunda meusi yaliyoiva, nyuma yake unakuja utamu wa sukari guru, na kinywa kinabaki kisafi. Aina hiyo, kwa njia, inagusa nchi mbili: mwaka 1931 afisa wa kahawa kutoka Kenya alizuru Tanganyika akaona huko Monduli mibuni iliyostahimili ukame, mbegu zikachukuliwa hadi Scott Laboratories, na katika uchaguzi uliofuata ikapatikana SL28. Ilitafutwa kwa ajili ya ukame. Leo inatafutwa kwa ajili ya kikombe chake, na ubora wa kikombe hicho haukamiliki mpaka kipoe.

Kahawa mbovu huenda njia ya kinyume. Ikiwa moto inapita, tena inaweza kunukia vizuri. Ikipoa ndipo unapojitokeza ukakasi wa cheri mbichi zilizochumwa pamoja na mbivu, ladha ya siki ya kahawa iliyoachwa kwenye matangi ya kuchachushia kupita kiasi, au ladha ya gunia lililokaa ghala lenye unyevu. Na kuna kasoro moja ya ukanda wetu ambayo inatosha kueleza kwa nini vikombe viwe vitano. Huko Rwanda, Burundi na Kivu kahawa husumbuliwa na ladha ya kiazi, inayohusishwa na mdudu aitwaye antestia, ambaye hutoboa tunda likiwa mtini. Punje iliyoathirika inaweza kupita mikononi mwa wachambuzi bila kutambuliwa. Ikiingia moja tu katika kikombe, kikombe kizima kitanuka kiazi kibichi kilichomenywa sasa hivi. Vinne vinaweza kuwa vitamu kabisa na cha tano kikawa kiazi. Mwonjaji mvivu, anayeonja viwili akaridhika, atampeleka mnunuzi kwenye hasara. Mwonjaji mwenye pupa, anayekutana na hicho kimoja akafunga daftari, atamkosesha mkulima haki yake. Ndiyo maana naiheshimu subira ya mwonjaji kuliko hata pua yake. Pua njema watu wengi wanayo.

Maana alama anazoandika ni fedha za watu. Kwenye kipimo cha 100, kahawa yenye 80 na kuendelea huhesabiwa kuwa kahawa bora ya daraja maalumu, na iliyo chini ya hapo huuzwa kama bidhaa ya kawaida. Pale Moshi, mji wa Bodi ya Kahawa na mnada wake, au Nairobi, mtu aliyeketi mbele ya vikombe anaamua jambo litakalofika hadi kwenye ada ya shule ya mtoto wa Rombo au Mbozi ambaye hatamwona kamwe.

Sasa nataka kumchukua fundi huyu nimpeleke mahali ambapo haalikwi sana: mbele ya jokofu la supamaketi. Huko Dubai, London, Minneapolis, na sasa Nairobi pia, majokofu yana chupa na makopo ya kahawa iliyolowekwa kwa maji baridi, tayari kwa kunywewa. Kuitengeneza hakuna siri. Kahawa husagwa ikiwa na chenga kubwa, hulowekwa katika maji yasiyopashwa moto kwa saa 12 hadi 24, kisha huchujwa. Mwaka 1964 Mmarekani Todd Simpson alibuni chombo cha kulowekea kahawa majumbani, Toddy, ambacho bado kinauzwa. Wajapani wa kampuni ya UCC walitia kahawa yenye maziwa kwenye makopo mwaka 1969. Na Starbucks walipoanza kuuza kahawa ya kulowekwa katika maduka yao ya Marekani mwaka 2015, biashara ikatanuka. Maji baridi hayavuni kila kilichomo ndani ya punje. Harufu nyingi zinazoruka kwa mvuke hazitoki, sehemu ya uchungu hubaki kwenye machicha, na kinachopatikana ni kinywaji laini, chenye utamu wa chinichini.

Wauzaji huongeza kwamba haina tindikali. Niny Rao na Megan Fuller wa Thomas Jefferson University, Philadelphia, walilipima dai hilo mwaka 2018 wakakuta pH ya kahawa ya kulowekwa na ya moto zinakaribiana, zote kati ya 4.85 na 5.13. Tofauti waliikuta kwenye jumla ya tindikali zilizomo, ambayo kwenye kahawa ya moto ilikuwa kubwa zaidi. Kwa hiyo anayesema kahawa ya kulowekwa ni laini zaidi kinywani yuko sahihi, na anayesema haina tindikali anauza maneno.

Hapa somo la mwonjaji linarudi kwa upande wa pili, maana barafu nayo huficha. Mwaka 2005 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha katika jarida la Nature kwamba mlango mmojawapo wa utamu ndani ya chembe za ulimi hufanya kazi zaidi joto linapopanda kutoka nyuzi 15 hadi 35. Chupa inayotoka kwenye jokofu ikiwa na nyuzi nne au tano huukuta ulimi umezubaa: utamu haufiki, harufu haipandi, na karibu kila chupa huonekana safi na ya kuburudisha. Kuzilinganisha zikiwa hivyo ni kulinganisha majokofu. Anayetaka kujua amenunua nini aimimine kahawa kwenye kikombe na kuiacha mezani mpaka ilingane na joto la chumba, hata kama mwenye chupa angeona ni kumkosea heshima. Avipe vikombe vya aina zote namba badala ya majina ili lebo isimshawishi, asiguse maziwa, na aazime zoezi la waonjaji: vikombe vitatu, viwili kahawa moja, cha tatu tofauti, akitafute kilicho mgeni. Kuna mashindano ya dunia ya jambo hilo, seti nane katika dakika nane, na washindi huvipita vikombe kwa kasi ya kushangaza. Nyumbani chukua muda wako.

Ukifanya hivyo, utaona safu ya ushindi ikipinduka. Chupa ya kahawa iliyokaangwa hadi kuwa nyeusi, ile iliyoshinda ikiwa na barafu kwa ladha yake ya chokoleti, ikipata uvuguvugu huanza kutoa majivu, na funda la tatu linakuwa zito kumeza. Yenye gesi ya naitrojeni, iliyojaza kinywa kwa povu, povu likifa inabaki ilivyo, mara nyingi nyembamba. Kahawa ya kopo iliyopitishwa kwenye moto mkali ili ikae rafuni inakuwa na ladha ya nafaka iliyochemshwa. Ile iliyokaa jokofuni muda mrefu mno ina ladha ya karatasi iliyolowa. Halafu kuna ile uliyoidharau kwa sababu ilikuwa kama maji: kahawa ya nyanda za juu, iliyooshwa, iliyokaangwa wastani, pengine ya Kenya, pengine ya Ethiopia. Hiyo huamka. Uchachu wake unatokea, kisha utamu, kisha harufu ya ndimu au ya maua ambayo barafu iliizuia. Mimi hiyo ndiyo ninayolipia, nami naipa nafasi ya kwanza bila kusita.

Kitu kimoja nakishangaa kila ninapogeuza chupa kusoma mgongo wake. Imeandikwa Arabika asilimia 100, imeandikwa idadi ya saa za kulowekwa, wakati mwingine jina la mtaa wa kiwanda huko ughaibuni. Jina la mlima, la kijiji au la chama cha ushirika ni nadra kulikuta, na bila jina hilo mkulima hawezi kudai sehemu ya sifa. Hawezi kudai, pia, sifa ambayo hajawahi kuionja. Wako wakulima wengi wa Kilimanjaro, Mbeya na Ruvuma wanaopeleka kahawa ya maganda ghalani mwaka baada ya mwaka huku kinywaji cha nyumbani kikiwa ni chai.

Kwa hiyo ombi langu nalipeleka kwa viongozi wa vyama vya msingi, si kwa kampuni za chupa. Tengeni meza moja ya kuonjea kwenye ofisi yenu. Panahitajika kikaango kidogo, kinu cha kusagia, mizani, birika, kipimajoto, vikombe na vijiko. Mwalikeni mwonjaji msimu unapoanza, akae na wakulima, awafundishe kuvuta na kutema. Sampuli isipelekwe mnadani kabla wenye mashamba hawajaionja ikiwa moto, wakasubiri, wakaionja tena ikiwa imepoa.