Tarakimu ya Tisa na Safari ya Kifurushi

Chukua namba ya mfano ya EMS, huduma ya haraka ya posta: EE123456785CN. Herufi mbili za mwisho zinataja nchi kilikotoka kifurushi, China. E ya mwanzo inataja huduma yenyewe, kama vile R ilivyo ya rejista. Ila kwangu mimi uzuri wote uko kwenye tarakimu ya tisa, ile 5. Kazi yake ni kuzilinda nane zilizoitangulia. Zizidishe hizo nane, moja moja kwa mpangilio wake, kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7. Jumla ni 204. Gawa kwa 11, inabaki 6. Toa 6 kwenye 11, unapata 5. Sasa karani aliyechoka apishanishe 6 na 7 anapochapa. Jumla inageuka 200, tarakimu ya ulinzi ilipaswa kuwa 9, na kompyuta inaikataa namba papo hapo. Kanuni hiyo ni ya Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern mwaka 1874, na ndiyo inayoziwezesha Posta ya China na ya Tanzania kusoma lebo ile ile.

Halafu, ukiifuatilia namba hiyo kwenye simu, kuna ule ukimya unaowanyima watu usingizi. "Kimeondoka ofisi ya kimataifa," kisha siku zinapita bila neno. Karibu kila mstari unaouona kwenye simu umeletwa na skana. Pasiposkaniwa, kwa kawaida hapana mstari. Kifurushi kikishatiwa kwenye mfuko na mfuko ukafungwa, kinachosomwa njiani ni lebo ya mfuko: herufi na tarakimu 29 zinazotaja unakotoka, unakokwenda, mwaka, namba ya mfuko, na mwishoni uzito wake. Mfuko unaweza kungoja nafasi ya ndege, ukahamishiwa ndege nyingine, wewe usione chochote. Ukifunguliwa Dar es Salaam, makarani wakaskani kimoja kimoja, ndipo mstari mpya unatokea. Nawaheshimu mno makarani hao.

"Kipo forodhani" maana yake kimekabidhiwa kwa ukaguzi, usidhani kimekamatwa. Mstari wa kuukimbilia ni ule usemao jaribio la kukufikishia halikufaulu. Ukiuona, chukua kitambulisho uende mapema kwenye ofisi iliyotajwa, kwa kuwa kifurushi kisichochukuliwa hurudishwa kwa aliyekituma.